Eda ya Paka wa Baba

Paji la uso wangu ndilo lililotangulia kupata habari. Nilikuwa nikisali dhuha katika chumba cha marehemu baba, juu ya mswala wake mwekundu ambao mama hakukubali ugawiwe pamoja na nguo zake, na nilipoinama kusujudu nikahisi unyevu. Haukuwa unyevu wa jasho, wala wa maji ya udhu yaliyodondoka kutoka ndevuni. Ulikuwa wa baridi, wenye kunata kidogo, na pumzi niliyoivuta kabla sijainuka ilinijulisha, kwa ukali usioacha shaka, kwamba nilikuwa nimeuweka uso wangu juu ya mkojo wa paka.

Sikuimaliza rakaa ile. Nilibaki nimepiga magoti, mikono imelegea mapajani, kama mtu aliyezabwa kofi na mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Kazi yangu ni kufundisha fiqhi. Mlango wa tahara nimeusomesha mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wangu hudhani ninaukariri hata usingizini. Ninajua tofauti kati ya mate ya paka, ambayo wanavyuoni wa madhehebu yetu wameyahukumu kuwa safi, na mkojo wake, ambao hawakuuhukumu hivyo. Lakini elimu hiyo yote ilikuwa mahali pengine, mbali na paji langu la uso. Nilichokuwa nacho pale ni mshangao mtupu: paka huyu, katika nyumba hii, juu ya mswala ule.

Ili mshangao huo ueleweke, sina budi kumweleza paka mwenyewe. Alikuwa jike, mzee, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya tangawizi, na katika nyumba yetu ya Nguvumali alikuwa na cheo ambacho sisi watoto hatukukipata. Baba hakuanza kula kabla hajamtengea kichwa cha samaki kibua kwenye kifuniko cha sufuria. Mama, ambaye hakuwahi kuletewa mke wa pili katika ndoa yake yote, alimpa paka yule nafasi hiyo. Alimwita "mke mwenzangu".

"Mlishe kwanza mkeo mdogo," alikuwa akimwambia baba pale jamvini. "Mie mkubwa n'shazoea kungoja."

"Mkubwa ana subira," baba alikuwa akijibu bila kuinua uso. "Ndiyo sababu ya ukubwa wake."

Na paka yule, katika maisha yake yote, hakuwahi kuchafua ndani. Wageni walimsifu kwa hilo. Alitoka uani asubuhi, akafanya haja yake pembeni, akafukia kwa utaratibu, akarudi na kulala miguuni pa baba wakati akisoma Kurani. Ndiyo maana nilipokwenda kumwambia mama, aliyekuwa chumbani kwake akichambua mchele, alinitazama kama niliyeleta fitina.

"Paka amekojoa kwenye mswala wa baba."

"Paka gani?"

"Wetu, mama. Kwani tunao wangapi?"

"Haiwezekani. Yule ana adabu kuliko nyie niliowazaa."

Nikamletea mswala. Akausogeza puani, akauondoa upesi, kisha akausukuma mbali na ungo wa mchele. Mama alikuwa edani. Tangu baba afariki hakuwa amevuka kizingiti cha mlango wa mbele. Dunia yake ilikuwa vyumba, ukumbi na ua. Mwanamke aliye edani hajitii manukato, na yeye alilichukua katazo hilo kwa upana zaidi kuliko lilivyoandikwa: chetezo alikiweka juu ya kabati, na nyumba iliyozoea kufukizwa udi kila Alhamisi ikakaa haina harufu yoyote. Harufu ya paka ilipoingia haikukuta kitu cha kushindana nacho.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui."

"Maana mie nimesali juu ya mswala huu jana. Na juzi nimesali." Sauti yake ilianza kupanda. "Dua zote nilizomwombea babako nimeziombea hapa. Nimeweka paji langu hapa nikamlilia Mungu amsamehe. Juu ya mkojo?"

Sikuwa nimemwona mama akitetemeka midomo hata siku ya mazishi. Nikamweleza, kwa utulivu niliouigiza, kwamba dua haina sharti la tahara, na kwamba kuhusu sala kuna kanuni inayojulikana: jambo ambalo wakati wake haujulikani hukadiriwa kwa wakati ulio karibu zaidi. Mkojo ulikuwa bado mbichi. Basi huhukumiwa kuwa ni wa asubuhi ile, na sala za nyuma zimesalimika.

"Zimepita?"

"Zimepita, inshaallah."

"Hiyo inshaallah yako ndiyo inayonitisha, baba."

Tangu hapo jambo lililokuwa hatarini nyumbani kwetu halikuwa mazulia. Mama hakuwa na kitu kingine cha kumpa mumewe ila sala na dua, na kila siku alihitaji kipande cha sakafu ambacho angeweza kukiamini. Paka alikuwa akimnyang'anya kipande hicho.

Nilimwagia mswala maji mpaka athari ikaondoka, nikauanika. Kabla haujakauka vizuri, kapu la nguo zilizopigwa pasi likapatikana limeloa, na ndani yake shela ya mama ya kusalia. Tukaanza kufunga milango ya vyumba. Akaenda ukumbini. Tukakunja mikeka na kuisimamisha ukutani. Akaikojolea ikiwa imesimama. Nilileta karai kubwa, nikalijaza mchanga safi uliobaki kwa fundi wa jirani, nikampeleka na kumkalisha ndani yake. Aliuchakura kidogo, akaunusa kwa dharau, akajikunja na kulala humo usingizi mzito. Alipoamka alikwenda kujisaidia juu ya kiatu changu.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa la mgeni. Alikuwa bibi mmoja kutoka upande wa Horohoro ambaye hakuwahi mazishi, na sasa alikuja kumpa mama mkono wa tanzia. Tulimkaribisha kwenye takia zuri, akakaa, akalia kidogo kama ilivyo desturi, akamsifu marehemu kwa maneno yaliyonigusa. Katikati ya sifa zile akanyamaza. Akapeleka mkono nyuma. Akautazama mkono. Kisha akamtazama mama kwa macho ya aibu kubwa, maana alidhani ni yeye mwenyewe aliyejikojolea.

"Mwenzangu," akanong'ona, "uzee huu una mambo. Nipe kanga nyingine nijistiri."

Mama alipomweleza ukweli bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu, kwa faraja ya kugundua kwamba mwili wake haujamsaliti. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, nikitamani sakafu ipasuke. Kwa watu wa kwetu mgeni wa tanzia ni amana. Nasi tulikuwa tumemkalisha juu ya najisi.

Shangazi yangu alikuwepo. Yeye ndiye ndugu pekee wa baba aliyebaki, anakaa Makorora, na katika eda yote alikuja kila siku kushinda na wifi yake. Ni mwanamke mwenye sauti, na siku ile mgeni alipoondoka aliitumia yote.

"Basi imetosha! Wifi, mke mwenzako amekuzidi. Majirani washaanza kusema ni jini. Wengine wanasema makubwa kuliko hayo, sitaki hata kuyatamka."

"Wanasema nini?" mama akauliza.

"Nimesema sitaki kuyatamka. Wanasema ndugu yangu ndiye kaingia humo, hajaridhika na mgawanyo wa vitu vyake."

"Astaghfirullah," nikasema.

"Wewe maalimu astaghfiri, lakini mswala wa kusalia mamako huna. Mwanangu ana shamba Maramba, ana ghala la mahindi limejaa panya. Nimeshaongea naye. Jumamosi anakuja mjini na gari yake, anamchukua. Kule atakojoa shamba zima, hakuna wa kumuuliza. Na akishavushwa mto Zigi harudi. Paka akivushwa maji hajui njia."

Kwa kweli niliona rai yake ni ya busara. Nilimgeukia mama nikitarajia aitikie, na hapo ndipo alipotoa jambo ambalo mpaka leo silikumbuki bila kuduwaa. Alinitazama mimi, si shangazi, na akauliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kujua:

"Mwanamke aliye edani anatolewa katika nyumba ya mumewe?"

"Hatolewi. Haki yake ni kukaa humo mpaka eda iishe."

"Basi na yule yumo edani. Wote wawili tumefiwa na mume mmoja. Mtamtoaje?"

Shangazi akapiga kofi la mshangao. "Masihara hayo, wifi?"

"Sina masihara."

Nikamweleza, kwa upole, kwamba hukumu ya eda ni ya mke wa ndoa, na kwamba mnyama hakalifishwi, sheria haimfungi.

"Najua hakalifishwi," mama akajibu. "Sikukuuliza hukumu yake. Nimekuuliza mtamtoaje."

Hakuna kitabu nilichokisoma kilichonipa jawabu la swali lililoulizwa hivyo. Lakini jioni ile nilimkuta anasali Maghribi ameketi kwenye kiti, hataki kugusa sakafu, magoti yake mazima yasiyo na ugonjwa wowote yamekunjwa kama ya mgonjwa. Na nilijua kwamba hukumu nitaitoa mimi. Nilimpigia binamu yangu simu nikamwambia aje hiyo Jumamosi. Shangazi akaleta tenga la kuchukulia kuku, akalitundika uani mbele ya macho ya wote. Mama alilitazama, akaingia ndani.

Asubuhi ya Jumamosi nilikaa uani na kikombe cha kahawa nikimsubiri binamu. Nilikuwa nimekaa pale kwa sababu moja tu: sikutaka kukaa ndani na mama. Paka akatoka mlango wa jikoni. Alipita karibu na karai la mchanga bila kulitazama, akaenda moja kwa moja mpaka kona ya ukuta iliyo nyuma ya pipa la maji, akainama, akaanza kukwangua. Sauti ya kucha zake juu ya saruji ilikuwa kavu na ya kuudhi. Akakwangua, akasita, akanusa, akakwangua upande wa pili. Akazunguka akakaa mkao wa haja, akainuka bila kufanya chochote, akatoa mlio mfupi, na kuanza tena. Kucha za mguu mmoja zilikuwa zimekatika, nyeupe kwa vumbi la saruji. Hatimaye akageuka na kuingia ndani, na nilijua kwa yakini anakokwenda.

Kikombe kilinipoa mkononi. Nilikuwa naitazama kona ile kama ambaye hajawahi kuiona.

Ua wetu ulisakafiwa tangu utoto wangu, isipokuwa kona hiyo moja. Zamani palikuwa na mpapai. Ulipokufa, udongo ukabaki wazi. Baba alipofariki na waosha wakauliza wapi pachimbwe ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji anayooshwa maiti, jibu lilikuwa moja tu. Wanaume wa ukoo walichimba pale. Kitanda kikawekwa juu, mashuka yakashikwa pande zote kuwa pazia, nami nikawa miongoni mwa waliomimina maji. Nakumbuka sauti ya maji yakishuka ndani ya ardhi, namna yalivyopokewa bila kubaki dimbwi. Tuliporudi kuzika shimo lilifukiwa. Kisha ikakaribia hitima, na shangazi akasema, kwa uchungu wa dada, kwamba haifai watu na kuku wakanyage mahali maji ya ndugu yake yaliposhukia. Sote tuliliona neno lake ni la heshima. Fundi akaitwa, saruji ikamiminwa, ikalainishwa kwa mwiko mpaka ikang'aa.

Hakuna aliyemkumbuka paka. Kona ile ndiyo iliyokuwa choo chake tangu alipoletwa kwetu.

Fikra ya pili ilinijia juu ya ile ya kwanza na kunikuta sijajiandaa: kwamba baba yangu, mtu aliyekunja kanzu yake kuruka tone la maji ya mtaroni, tulimwoshea juu ya choo cha paka. Nilipapasa mas'ala yake kama mtu anayepapasa kuta gizani. Kitanda kilikuwa juu; maji yalishuka wala hayakupanda; mwili ulikuwa safi na sanda safi. Hakuna kilichoharibika. Nilijua hivyo, na bado niliyarudia yote tangu mwanzo.

Nikaingia kwa mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na paka amelala pembeni yake juu ya kanga iliyoloa, na mama hakuwa ameiondoa.

"Mama, nimejua sababu. Ni ile kona. Ni saruji."

"Najua," akasema.

Sikuelewa. Nikarudia.

"Nimesikia, baba. Najua. Nilijua tangu siku ile ya mswala. Nilitoka uani nikamwona anavyokwangua."

"Umejua muda wote huu? Umefua, umekunja mikeka, umesali kitini, na unajua?"

"Ningesema nini? Nikisema, mtavunja."

Nilikaa chini sakafuni, mbele yake, bila kukagua ninapokaa. Aliyasema yaliyofuata akiwa anamkuna paka kichwani, kwa sauti ya chini isiyo na kilio.

"Nyie mnajua alipolala. Mmemshusha kwa mikono yenu, na kila Ijumaa mnakwenda kumsalimia. Mie mlango wa mbele ndio mwisho wangu. Jeneza lilitoka pale, nikarudishwa ndani. Sikuliona kaburi wala sitakwenda kuliona, si desturi yetu. Nilichokiona mwisho ni yale mashuka pale konani, na maji yanasikika. Kwa hiyo jioni huweka kiti changu pale. Umeniona, hukuuliza. Ndiyo ziara yangu."

Nilikuwa nimemwona. Nilidhani anapunga upepo.

Honi ikalia nje. Shangazi akaingia kwa haraka, nyuma yake harufu ya mafuta ya gari. Nikainuka kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi huyo malkia? Mwanangu anasema Maramba mvua inakaribia, hataki kukwama njiani."

Akamwona paka juu ya kanga iliyoloa, akamwona mama, akaniona mimi. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza lile la choo na la saruji. Lile la kiti cha jioni nililiacha, halikuwa langu. Nilipofika mwisho shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo mnataka kuvunja? Paka akojoe juu ya maji ya ndugu yangu? Wewe uliyesoma ndiye unayelisema hili?"

"Mimi sijasema tuvunje."

"Lipo katika vitabu vyako? Mahali pa kuoshea maiti pakojolewe?"

"Vitabuni mahali pale hapana hukumu ya peke yake, shangazi. Ni ardhi. Heshima hiyo tumeiweka sisi."

"Tumeiweka na itakaa! Mchukue paka, mtie tengani. Wifi, mwambie mwanao."

Mama aliinuka. Alimbeba paka begani kama mtoto mchanga na akatupita sote wawili, tukamfuata mpaka uani. Alisimama mbele ya kona ile kwa muda. Tenga lilikuwa limening'inia juu ya kichwa chake.

"Wifi," akasema, "unakumbuka nduguyo akitoka msikitini alfajiri anafanya nini?"

"Anakunywa kahawa."

"Kabla ya kahawa. Alikuja hapa na kile kijembe chake cha mchicha, anautifua huu udongo. Nilimuuliza, unapanda nini, wewe? Akasema, namlainishia, kucha zake zimezeeka. Kila alfajiri. Na mie nimekuja nimemwagia zege juu." Akanigeukia. "Vunja."

"Mama, una hakika?"

"Nikupe tena amri kwa Kiarabu?"

Shangazi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaingia chumba cha baba na kufunga mlango. Nilitafuta nyundo na patasi ya chuma. Sikuzaliwa na mikono ya kazi hiyo. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likanichuna kidole.

"Shika nyundo kama mwanamume," mama akasema. "Hiyo si kalamu."

Saruji ilipasuka vipande, nikavinyanyua kimoja baada ya kingine. Na hapo mikono yangu ikasimama. Udongo uliokuwa chini ulikuwa mweusi na umelowa. Jua lilikuwa limekwishapanda, mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo ule ulikuwa umelowa kana kwamba waosha wameondoka sasa hivi. Ninajua, na nilijua hata pale, kwamba saruji huzuia unyevu usipae, na kwamba pipa la maji lililo jirani huvuja. Lakini nilirudi nyuma hatua moja.

Mama alimshusha paka. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akakibonyeza, akakiacha humo. Paka alitaka kusogea. Nilimzuia kwa mguu. Niliamini kabisa kwamba mama amebadili nia, kwamba ataniambia nichanganye saruji nyingine, na kwamba paka atalala Maramba usiku huo.

"Lete ndoo," akasema mama, bado kainama. "Uchote huu wote uliolowa. Uupeleke kwake, uumimine juu ya kaburi. Mie siwezi kwenda; huu uende. Halafu hapa mtie udongo mpya, mkavu."

Nilichota. Nilijiuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, kama jambo hili lina asili yoyote vitabuni, nikagundua kwamba sitaki kulitafuta. Binamu yangu, aliyekuja kuchukua paka, alipokea ndoo ya udongo mlangoni na kunitazama kwa mdomo wazi.

"Paka yuko wapi?"

"Haendi. Nipeleke makaburini."

Aliwasha gari bila kuuliza tena. Njiani nilimwona akiikodolea macho ile ndoo niliyoipakata, mara kwa mara, kama inayoweza kulia. Nilimimina udongo ule upande wa kichwa cha kaburi, nikautandaza kwa mikono. Nilimwombea dua ndefu kuliko ninavyozoea, nusu yake kwa niaba ya mtu mwingine.

Niliporudi, mama alikuwa bafuni, anaoga na kujitayarisha kwa Adhuhuri; nilisikia maji. Udongo mpya ulikuwa umeshajazwa konani, nami sikuwa nimeujaza. Shangazi alikuwa amechuchumaa pale, mtandio umeanguka mabegani, mikono yote miwili imezama humo. Alikuwa akivunja mabonge kwa vidole, moja moja, anayasaga mpaka yanakuwa vumbi, anayaachia.

"Usinitazame," akasema bila kugeuka. "Kaoge, una udongo mpaka masikioni."

Sikuondoka. Paka alikuja kutoka jikoni, akasimama mbele ya shangazi, wakatazamana. Shangazi akaondoa mikono, akarudi nyuma kwa magoti, akampisha. Paka akaingia, akanusa kwa muda mrefu, akachimba kidogo, akachimba tena mahali pengine, akakaa. Shangazi akageuza uso ukutani kwa haraka, akanivuta kanzu nami nigeuke.

"Mpe sitara," akaninong'oneza.

Tukasimama hivyo, shangazi na mimi, nyuso zetu ukutani, mpaka tuliposikia paka anafukia. Mama aliuliza kwa sauti kutoka ndani kama paka ameshamaliza. Shangazi akamwambia ndiyo, wifi, tandika usali. Tukasikia mkeka ukifunuliwa na kupigwa sakafuni, kisha takbira.